Kuchagua Chuo Kikuu cha Umma Nje ya Wilaya Yako

Chuo kikuu cha umma hakimtozi Mtanzania ada kwa kuangalia mkoa anakotoka. Mwanafunzi wa Same hulipa Chuo Kikuu cha Dodoma ada ileile anayolipa mzaliwa wa Dodoma kwa programu hiyohiyo. Kinachotofautiana ni malazi, chakula na nauli. Kwa hiyo, programu yenye ada ndogo Dodoma yaweza kumgharimu zaidi kuliko yenye ada kubwa kidogo katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, karibu na nyumbani.

Tunashauri mzazi na mwombaji wajumlishe gharama za miaka yote ya masomo, wasitegemee mkopo ambao haujathibitishwa, na waulize iwapo ada hupokelewa kwa awamu. Tangawizi ya Mamba Miamba huvunwa kwa msimu. Chuo hudai kila muhula.