Chumba cha Biashara Nchelenge: Utaje Bei Gani?

Kiwanja chako katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala umegawiwa, hakiuzwi. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995, mgeni hapati ardhi kwa urahisi. Njia iliyo wazi ni kupanga: sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa upangaji usiozidi miaka 5. Basi ukitaka duka mjini Nchelenge, utapatana kodi, na bei ukiitaja vibaya siku ya kwanza, utaumia kila mwezi.

1. Jua kikomo chako. Piga hesabu ya mwezi mbaya, si ya mwezi mzuri. Tuseme ukishalipia bidhaa na nauli ya Mantapala unabakiwa na kwacha 2,000, na nyumbani mnahitaji 1,400. Kikomo ni 600. Hata chumba kitazamane na soko, usivuke hapo.

2. Tazama kalenda ya ziwa. Uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Hela ya samaki ikikauka, muuza sukari na muuza vitenge nao hukosa wateja. Hapo anza chini: 400 kwa mfano wetu. Machi nyavu zikirudi majini na wapangaji wakianza kugombea, anzia 550, la sivyo utakuta kufuli la mwenzako.

3. Pima haja ya mwenye chumba. Waulize majirani: kimefungwa tangu lini? Aliyetoka alikimbia nini? Chumba kilichokaa miezi kitupu kinakupa nafasi ya kushusha. Kikiwa na watu watatu wanaokiulizia, maneno mengi yatakukosesha.

4. Ongeza nguvu bila kuongeza bei. Ingia ndani, funga mlango, tazama juu. Ukiona mwanga kwenye tundu za bati, mvua itakulowanishia unga. Jitolee kuziba tundu hizo, gharama ikatwe kwenye kodi. Au lipa miezi miwili mbele ili kodi ipungue, lakini hela isitoke mkononi bila risiti.

5. Panda mara moja tu. Akikataa 400, nenda 500 na useme ndiyo ya mwisho, ukimaanisha. Akikataa tena, mshukuru, mwachie namba ya simu, uondoke. Mkikubaliana, andikeni mbele ya shahidi: kodi, muda, nani anatengeneza nini, na notisi ya kuhama ni ya siku ngapi.