Pima Sukari Kwanza
Kijitabu cha kaya za Masama kuhusu kisukari cha watoto

Dalili

Mtoto anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa kila mara, anakonda ilhali anakula: mpime sukari siku hiyo hiyo.

Chanzo kinatafutwa

Kisukari aina ya kwanza humlazimu mtoto kutumia insulini maisha yake yote. Wataalamu wanaamini kuna kitu katika mazingira kinachokichochea, kwa sababu hata kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima miaka mingi. Tangu 2004 utafiti wa TEDDY umefuatilia watoto zaidi ya 8,000 tangu uchanga huko Marekani, Finland, Ujerumani na Sweden, na mwaka 2019 ulihusisha virusi fulani vinavyokaa muda mrefu tumboni na mwanzo wa madhara yanayoleta ugonjwa huu. Hiyo ni dalili ya njia, bado si jibu. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba amekijua chanzo cha ugonjwa wa mwanao, usimsikilize. Mpime mtoto sukari.

Lawama zinazochelewesha kipimo

Wengine husema ni maziwa ya ng'ombe. Utafiti wa nchi 15 uliwapa baadhi ya watoto wachanga maziwa ya kopo ambayo protini yake ya ng'ombe imevunjwavunjwa, na majibu ya 2018 hayakuonyesha kwamba yaliwakinga. Basi usimnyime mtoto maziwa kwa hofu hii. Wengine husema ni peremende, au mama alikula vibaya akiwa mjamzito. Aina hii hailetwi na peremende, na mama hana kosa. Wengine hutaja dawa za kupulizia kahawa: hizo ni sumu, zifungieni mbali na watoto, lakini haijathibitishwa kwamba ndizo chanzo. Wengine humtafuta mchawi. Lawama zote hizi zina hasara moja: zinakula siku ambazo mtoto hana.

Mtu atauliza: kama ugonjwa huu ni nadra kwetu, kwa nini tuhangaike? Ni kweli, hesabu ya miaka kumi ya Dar es Salaam, iliyochapishwa 1993, ilipata wagonjwa wapya wasiofikia wawili kwa kila laki moja kwa mwaka, wakati Finland wamewahi kuzidi 50. Lakini huhesabiwa aliyepimwa tu. Mtoto aliyezikwa kwa jina la malaria haingii katika hesabu yoyote, wala watafiti hawawezi kujifunza lolote kutoka kwake. Kipimo kinamwokoa mtoto, na kinausaidia utafiti pia.

Hatari: soma mara mbili

Sisimizi wakijaa alipokojoa mtoto, mpime. Aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, mpime. Akitapika, akilalamika tumbo, akihema haraka, mdomo ukinuka kama matunda yaliyoiva mno, mkimbize hospitali usiku huo huo. Usimnunulie dawa ya malaria au taifodi dukani ukasubiri kesho. Usimkorogee glukosi wala kumpa soda eti apate nguvu kabla hajapimwa. Hata malaria ikionekana, omba apimwe na sukari: mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Ni tone moja la damu kidoleni. Zahanati ikikosa kipimo, usirudi nyumbani. Nenda Hospitali ya Machame, hospitali ya wilaya Bomang'ombe, au hospitali ya rufaa ya KCMC.

Akishaanza insulini

Haiachwi: si kwa maombi, si kwa mitishamba, si kwa sababu amenenepa. Pasipo jokofu, chupa ikae ndani ya mfuko mkavu, kwenye mtungi wa udongo wenye maji kidogo, kivulini. Akitetemeka na kutoka jasho baada ya sindano, mpe kitu kitamu upesi, kisha chakula.

Kwa kila mzazi, bibi, babu na mwalimu

Chanzo waachieni watafiti. Ninyi mpimeni mtoto sukari, siku hiyo hiyo.