Dondoo muhimu: Jaribu waya kabla ya kuufungia mzigo

Kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka Tunduma kwenda Nakonde, na mafundi wa uzio kule Vwawa na Mbozi, waya wa chuma ni uhai.

Kata kipande chenye urefu mara 100 ya unene wake: waya wa milimita 3, kata sentimita 30. Chora mstari wa wino kutoka ncha hadi ncha. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa plaizi, vuta unyooke, kisha sokota polepole upande mmoja tu hadi ukatike. Vaa miwani ya kazi, kipande huruka.

Sasa tazama palipokatika. Waya mzuri hukatika bapa, kama umekatwa kwa msumeno, na mstari wa wino huwa umejiviringisha sawasawa. Ukipasuka kwa urefu, ufa ukiuzunguka waya, usiufungie mzigo. Waya huvutwa kupitia tundu jembamba kiwandani, chembe zake hulala kwa urefu. Ukivutwa kupita kiasi au ukizeeka, hupasuka kwa kufuata urefu huo huo.

Mikwaruzo nayo ni hatari kubwa. Msokoto huumiza zaidi ngozi ya waya kuliko kiini, hivyo ufa huanzia kwenye alama ya nyundo au kutu.

Usiupashe moto ili ulainike: utapinda kirahisi, lakini nguvu yake imeondoka.