Ngege Wanapokufa Bwawani

Sisi wa Bujumbura tumezoea mukeke na ndagala wa ziwani, lakini wako watu waliochimba mabwawa wakafuga ngege. Huenda hata baadhi yenu mliokwisha maliza masomo mnayo mabwawa. Kwa hiyo nataka kueleza habari za magonjwa ya bakteria, maana yaweza kuangamiza samaki wengi kwa siku chache.

Kwanza tujue kwamba bakteria si wageni. Aeromonas huishi katika maji ya mito na maziwa siku zote, na mara nyingi hawamdhuru samaki mwenye nguvu. Lakini samaki wakisongamana, na mabaki ya chakula yakioza, oksijeni hupungua majini, hasa kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu usiku mimea ya majini huitumia wala haiitoi. Hapo samaki hudhoofika, na bakteria hupata mlango. Dalili zake ni vidonda vyekundu, magamba kusimama na tumbo kuvimba. Bakteria wengine, Streptococcus agalactiae, hushambulia sana maji yanapopata joto. Samaki huzungukazunguka kama mlevi, na macho hutokeza nje.

Je, tukimbilie kununua dawa? Hasha! Tazameni Ghana. Katika Ziwa Volta, Streptococcus hao walikutwa katika ngege wa kufugwa waliokuwa wakifa. Kisha mwishoni mwa mwaka 2018 vilizuka vifo vingi mno, na uchunguzi ukaonyesha virusi. Dawa iuayo bakteria haiui virusi. Tena ikitumiwa ovyo, bakteria huizoea, na hasara hiyo yaweza kutufikia hata sisi wanadamu.

Basi mfugaji afanye hivi: apunguze chakula, aingize maji safi, awatoe samaki waliokufa kila siku na kuwazika mbali pamoja na chokaa, wavu wake asiuazimishe, bali auoshe na kuuanika juani, tena ampelekee mtaalamu samaki mgonjwa angali hai. Wala asitupe mizoga katika Ntahangwa au Ruzizi, maana mito hiyo humwagika katika Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa mjini.

Atazamaye bwawa lake kila alfajiri huuona ugonjwa ungali mdogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.