Pima mto kwanza, pampu baadaye: somo la maji ya kiangazi kwa vijana wa Masagati

 

Wiki hizi simu nyingi ninazopokea zinauliza kitu kimoja: "Bwana shamba, nataka kulima nyanya kiangazi, ninunue pampu ya inchi ngapi?" Swali ni zuri, ila limekuja mapema. Kabla ya kuongelea pampu, nijibu kwanza hili: kijito chako kinakuwa na maji kiasi gani mwezi wa kumi?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilishakosea hapo. Miaka michache iliyopita vijana sita walinifuata. Walikuwa na mkopo wa kikundi na wamekodi ekari nane kando ya kijito kimoja huku kwetu. Tulikwenda kuangalia eneo mwezi wa sita. Maji yalikuwa yanafika katikati ya muundi wa mguu, yanapita kwa kasi, safi kabisa. Nikawaambia, "Hapa shida ya maji hamna, limeni." Sikupima chochote, niliangalia kwa macho tu.

Wakanunua pampu, wakapanda nyanya mwezi wa nane. Kufika katikati ya mwezi wa kumi, nyanya ndo zimeanza kubeba, kijito hakifiki hata kifundo cha mguu. Pampu ikiwaka masaa mawili inavuta tope. Siku moja nikamkuta mama mmoja upande wa chini amekaa na ndoo mbili tupu. Hakufoka. Aliniambia tu, "Mwanangu, wewe ndo mtaalamu. Hawa watoto wanachota mto mzima, sisi tunywe nini?" Sikuwa na jibu. Ekari tano zilikauka. Mkopo ulibaki palepale.

Somo la leo ni hilo kosa langu, ili wewe usilirudie.

Maji ya mwezi wa kumi yanatoka wapi?

Huku kwetu mvua zinaanza kama mwezi wa kumi na moja na kwisha mwezi wa tano. Baada ya hapo unaweza kukaa miezi bila mvua ya maana, lakini mito inaendelea kutiririka. Maji hayo ni mvua ya masika iliyopita ambayo mlima umeihifadhi.

Mvua ikinyesha kwenye ardhi yenye majani, mizizi na udongo tifutifu, sehemu yake inazama. Inapita kwenye udongo, inaingia kwenye mwamba uliooza na nyufa zilizo chini, halafu inatoka kidogokidogo kwenye chemchemi na kingo za mto. Fikiria mtungi wa udongo unaovuja taratibu. Ukijazwa vizuri wakati wa masika, unavuja mpaka mvua nyingine. Usipojazwa, mwezi wa tisa umeshakauka.

Bonde letu la Kilombero kijiolojia ni kipande cha ardhi kilichodidimia kati ya miamba iliyopasuka. Upande mmoja imesimama Udzungwa, upande mwingine milima ya Mahenge. Milima inakamata mvua na kuihifadhi, bonde linapokea maji na udongo unaoshuka. Ndo maana kule chini karibu na Ifakara kuna mbuga pana za mpunga. Udongo ule umeletwa na mito, mafuriko kwa mafuriko, kwa maelfu ya miaka.

Sasa ukikata miti ya mteremko, ukauchoma kila mwaka na kuuacha mtupu, matone ya mvua yanaupiga udongo mpaka unajifunga juu. Maji hayazami tena, yanakimbia. Masika unapata mafuriko yenye tope, kiangazi unapata kijito cha kuchungulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliofanya kazi katika bonde letu, walichapisha mwaka 2019 hesabu za kompyuta kuhusu jambo hili. Matokeo yalionesha kwamba mashamba yakiendelea kupanuka kwa kula misitu na mbuga, maji ya kiangazi yanapungua. Yakijumlishwa na mabadiliko ya tabianchi, maji makubwa ya masika yanaongezeka. Yaani yanakuja mengi wakati huyahitaji, na machache wakati unayahitaji.

Utafiti wa namna hii unategemea vipimo vya mto. Kituo cha Swero, karibu na Ifakara, kilianza kupima Mto Kilombero miaka ya 1950, lakini mfululizo wake mrefu uliishia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama mto mkubwa kiasi hicho ulikosa vipimo kwa miaka mingi, kijito cha kijijini kwako nani atakipima? Ni wewe.

Na usidharau kijito. Vijito vyetu vinaingia Mto Mnyera, Mnyera unakutana na Ruhudji na mingine, ndo unapatikana Kilombero. Kilombero peke yake unaleta zaidi ya asilimia 60 ya maji ya Mto Rufiji, ule wenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Taa inayowaka Dar es Salaam ina tone la Masagati ndani yake.

Jinsi ya kupima kijito

Huhitaji mashine. Chukua futi kamba, kijiti kilichonyooka chenye alama za sentimita, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na chungwa au chupa ndogo iliyojazwa maji nusu. Nenda na mwenzako.

1. Chagua sehemu iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa wala magogo. Pima mita 10 kando ya maji, weka kijiti mwanzo na mwisho.

2. Pima upana wa maji kwa mita.

3. Pima kina sehemu tano kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Jumlisha, gawanya kwa tano. Hicho ndo kina cha wastani.

4. Upana mara kina cha wastani unapata eneo la maji, kwa mita za mraba.

5. Dondosha chungwa katikati ya maji, juu kidogo ya kijiti cha kwanza. Hesabu sekunde kutoka kijiti cha kwanza hadi cha pili. Rudia mara tano, tafuta wastani.

6. Gawanya mita 10 kwa sekunde hizo. Halafu zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga.

7. Zidisha kasi hiyo na eneo la maji. Jibu lizidishe kwa 1,000 upate lita kwa sekunde.

Tufanye mfano. Mwezi wa sita kijito kina upana wa mita 2 na kina cha mita 0.25, chungwa limetumia sekunde 25. Eneo ni 0.5. Kasi ni 10 gawanya 25, yaani 0.4, mara 0.8 unapata 0.32. Kwa hiyo 0.5 mara 0.32 ni 0.16, sawa na lita 160 kwa sekunde.

Rudi palepale mwezi wa kumi. Upana mita 1.2, kina mita 0.08, chungwa sekunde 40. Eneo ni 0.096. Kasi 0.25 mara 0.8 ni 0.2. Jibu ni lita 19 tu kwa sekunde.

Kijito ni kilekile, lakini maji yamebaki kama sehemu moja ya nane. Sasa angalia pampu ya inchi tatu: nyingi zimeandikwa lita 1,000 kwa dakika, yaani kama lita 17 kwa sekunde. Hata kama shambani haifiki hapo kwa sababu ya mwinuko na urefu wa mpira, umeona tatizo. Pampu moja inaweza kumeza karibu kijito chote.

Hesabu ya shamba

Mbogamboga kiangazi zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa ekari moja hiyo ni kama lita 20,000. Ukimwagilia kwa mifereji, karibu nusu inapotea njiani, kwa hiyo panga kutoa lita 40,000 kwa ekari kwa siku.

Mimi sasa natumia kanuni ya robo: shamba moja lisichukue zaidi ya robo ya maji ya mwezi wa kumi. Hiyo si sheria ya serikali, ni tahadhari yangu ya kazi. Robo ya lita 19 ni kama lita 4.8 kwa sekunde. Ukivuta masaa nane kwa siku unapata kama lita 138,000. Gawanya kwa 40,000: ekari tatu na kitu.

Ukitumia kipimo cha mwezi wa sita, hesabu ileile inakuambia unaweza kulima ekari 28! Wale vijana wangu walikodi ekari nane wakaona wamekuwa waangalifu. Kumbe mto ulikuwa na uwezo wa tatu.

Kama bado hujapima mwezi wa kumi, waulize wazee, hasa akina mama wanaochota maji. Wanajua mwaka gani kijito kilikauka na kilibaki dimbwi wapi. Halafu panga kwa mwaka mbaya, usipange kwa mwaka mzuri.

Kwa nini usichukue maji yote?

Kuna watakaosema, "Maji yanayopita si yanapotea bure?" Hapana. Chini kuna mama mwenye ndoo, kuna ng'ombe, kuna kambale, kuna shamba la mwenzako.

Mfano mkubwa uko kwenye bonde letuletu. Mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 ulizinduliwa mwaka 2000. Umeme ule taifa lilihitaji, hilo halina ubishi. Lakini maji yaliyokuwa yanaanguka kwenye korongo yalipungua kwa takriban asilimia 90. Pale kwenye manyunyu ya maporomoko aliishi chura mdogo wa manjano, hafiki sentimita 3, hatagi mayai bali anazaa watoto waliokamilika. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, na hakuwa anapatikana sehemu nyingine yoyote duniani.

Manyunyu yalipokatika, ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. Vyura karibu 500 walisafirishwa kwenda kutunzwa Marekani. Waliobaki waliporomoka ghafla mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Sababu zilizotajwa ni kadhaa: maji kupungua, ugonjwa wa fangasi, na wengine walishuku viuatilifu kutoka mashamba ya juu. Baadaye vyura walirudishwa Tanzania, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni. Fikiria gharama ya kazi yote hiyo, kwa kiumbe anayeenea kwenye kidole gumba.

Somo kwa mkulima ni mawili. La kwanza, mto ukishaharibika, kuurudisha ni ghali kuliko kuutunza. La pili, usioshee bomba la kupulizia dawa mtoni. Ioshee shambani, mbali na maji.

Ukingo si shamba

Maji yakipita kwenye kona, yanakula ukingo wa nje na kuweka mchanga ukingo wa ndani. Mto wowote unafanya hivyo. Ukifyeka matete na miti ya ukingoni upate mistari miwili zaidi ya nyanya, umeondoa kamba zilizoshika udongo. Masika mbili tu, mistari yako imekwenda na mto, na kina kimejaa mchanga.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Na kuchukua maji kwa pampu au mfereji kwa ajili ya kilimo kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Anzia ofisi ya kijiji, uliza kama kuna jumuiya ya watumiaji maji eneo lako. Kibali kinakulinda na wewe pia, siku mwenzako wa juu akija na pampu kubwa kuliko yako.

Wale vijana waliishia wapi?

Wawili waliacha kilimo. Wanne waliobaki tulikaa nao, tukapima kijito pamoja. Msimu uliofuata walilima ekari tatu. Kitalu walikiandaa mwezi wa tano, wakahamisha miche mwezi wa sita, kwa hiyo mavuno makubwa yaliisha kabla ya mwezi wa kumi. Walitandaza majani makavu kwenye mashina, wakamwagilia asubuhi na jioni, si saa sita jua likiwa kichwani. Na walipanga zamu na watu wa chini. Mkopo walimaliza msimu wa pili.

Kazi ya nyumbani: tafuta daftari moja la mto. Pima kijito chako mara moja kila mwezi, tarehe ileile, sehemu ileile. Andika upana, kina, sekunde na lita. Ukifikisha mwezi wa kumi na moja utakuwa na kitu ambacho sikuwa nacho siku ile nilipowaambia vijana "limeni". Ukinipigia kuuliza pampu ya inchi ngapi, nitakuomba kwanza unisomee hilo daftari.

Tukutane shambani.