Zinki: Dawa ya Siku Kumi

Katika ukurasa huu ningependa tujifunze habari ya zinki, madini ambayo mtoto mdogo anayeendesha hupewa kama dawa.

Huenda ukauliza, "Mambo ya madaktari yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Hapa Nyansiongo mama zetu wengi hudamka kwenda kuchuma majani chai, na sisi wa shule ya kutwa ndio huachiwa watoto Jumamosi na wakati wa likizo. Mama huonyesha dawa mezani na kusema, "Usisahau kumpa mtoto." Basi ni lazima tujue tunachompa.

Mtoto anapoendesha hupoteza vitu viwili. Kwanza ni maji na chumvi, na kukaukiwa maji ndiko huua upesi. Hivi hurudishwa kwa ORS: pakiti hukorogwa katika maji safi ya kipimo kilichoandikwa juu yake, naye hunyweshwa kidogo kidogo. Pili ni zinki, ambayo husaidia utumbo kupona na mwili kupigana na viini. Ndiyo maana mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri zote mbili zitolewe pamoja.

Zinki hutolewa mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Tembe huyeyushwa katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Ushauri wa 2004 ulikuwa miligramu 20, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2020, wa watoto 4,500 wa India na Tanzania, ulionyesha kuwa hata 10 au 5 hufaa, na kutapika hupungua. Kwa hivyo usikisie. Fuata kipimo cha mhudumu wa afya.

Shida huja siku ya tatu. Mtoto anacheza, na tembe zilizobaki zinafichwa kabatini. Nilipokuwa nikimpa mtoto wa shangazi tembe ya nne, shangazi alishangaa: "Wewe, kwani siku hizi mtoto mzima anapewa dawa?" Nikamjibu, "Shangazi, hii si ya kuendesha kwa leo, ni ya kuendesha kwa kesho." Naam, akimaliza siku zote, zinki humpunguzia hatari ya kuendesha tena kwa miezi 2 au 3 ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

Lakini ukiona macho yamebonyea, mtoto amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu, usingoje mama arudi. Ita mtu mzima, mkimbizeni kituo cha afya.

Zoezi: Mtoto wa miezi 9 alipewa tembe 10. Siku ya nne ameacha kuendesha, na zimebaki 6. Je, utamwambia nini mama yake?