Mdogo Wangu, Usianze na Kitabu cha Kutisha

Mdogo wangu, sogea nikwambie. Umeuliza uanzie wapi na riwaya za makauboi, na ndani ya swali lako nimeiona ile aibu ya mtu aliyenunua kitabu kwa sifa za watu, akasoma kurasa chache, akakisukumia chini ya kitanda. Unasema ni Blood Meridian cha Cormac McCarthy. Basi jua hauko peke yako. Wengi wameanza na hicho hicho, wakajiona hawana akili. Akili unazo! Ulichokosa ni mtu wa kukuonya kwamba damu iliyomwagwa humo inamshinda hata msomaji mkongwe. Kiache kipumzike, hakiozi. Haraka haraka haina baraka.

Wewe anza na True Grit cha Charles Portis, cha mwaka 1968. Msimulizi ni Mattie Ross, binti wa Arkansas, ambaye baba yake ameuawa na kibarua wao. Ana miaka 14 tu, na anafika mji wa Fort Smith kutafuta mtu wa kumsaka muuaji. Ngoja ufike pale anapomkabili mfanyabiashara aliyemuuzia marehemu farasi. Mzee anadhani katoto haka atakafukuza kwa maneno mawili. Mattie hatetereki: anataja wakili wake, anarudi kwenye bei, anamtaja wakili tena, mpaka mzee mwenyewe anasalimu amri na kulipa. Utacheka sana. Halafu utakumbuka kwamba mwili wa baba yake umesafirishwa kwenda kuzikwa, na yeye hayupo mazishini. Hapo ndipo utajua kwa nini nakipenda.

Ukishamaliza, najua utakimbilia Lonesome Dove cha Larry McMurtry, maana kila mtu anakitaja. Kilitoka 1985, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer, na ni safari ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi Montana, kurasa zaidi ya 800. Kisome, lakini chagua wakati. Utampenda Gus McCrae kwa maneno yake na uvivu wake, na mwandishi hana huruma na watu unaowapenda. Kama una msiba nyumbani au mtihani wiki ijayo, tafadhali usikifungue. Nisije nikasikia umelia usiku kucha halafu unanilaumu mimi.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana nitakugombeza kidogo. Usije ukakaa na vitabu vya kale peke yake. The Virginian cha Owen Wister, cha 1902, ndicho kilichowafungulia njia wengine, na Zane Grey alisomwa mno baada yake. Lakini hadithi nyingi za zamani zinamfanya mwenyeji wa asili wa Marekani kuwa adui tu, asiye na mama wala jina. Wachunga ng'ombe weusi na wa Kimexico walikuwa wengi kwelikweli huko Texas, nao humo huwaoni. Ukisoma upande mmoja miaka yote, moyo wako utazoea kutowahurumia watu fulani, na wewe hutajua ulianza lini. Tafuta Fools Crow cha James Welch, cha 1986. Baba yake Welch alikuwa Mblackfeet, na humo utaishi na kijana wa kabila hilo huko Montana, ukiona wazungu wakija kutoka upande wake.

Katika vipya, News of the World cha Paulette Jiles, cha 2016, ni kifupi na kitamu. Mzee Kidd anazunguka Texas akiwasomea watu magazeti kwa senti kumi kila mmoja, kisha anakabidhiwa binti wa miaka 10 aliyelelewa na Wakiowa, kabila la wenyeji wa asili, amrudishe kwa ndugu ambao mtoto mwenyewe hawakumbuki wala hawataki. Mazungumzo hayana alama za kunukuu. Usiogope, kufikia sura ya pili utazoea.

Wala usione haya kukiacha kitabu kisichokukalia moyoni, mdogo wangu. Na kama mfukoni una hela ya kitabu kimoja tu mwezi huu, nunua True Grit.